Kulala Kijijini, Kujifunza Mlimani: Ziara ya Kimafunzo ya Siku Tatu Marangu

UTANGULIZI

Siku moja tulikusanya madaftari ya wanafunzi 36 wa darasa la tano waliokuwa wamerudi kutoka katika ziara ya siku moja kwenye hifadhi ya taifa. Kila mwanafunzi alitakiwa aandike mambo aliyoyaona. Tulipoyasoma tulikuta sentensi ile ile imejirudia tangu daftari la kwanza hadi la mwisho: "Hifadhi ni mahali pa kutunza wanyama kama vile simba, tembo na twiga." Hiyo ilikuwa sentensi ya ubaoni, waliyoinakili darasani juma lililotangulia. Siku ile hakuna hata mmoja wao aliyemwona simba wala twiga. Watoto walikuwa wametembea chini ya miti mirefu, wamenyeshewa, na wamesikia ngurumo za mbega juu ya vichwa vyao. Kisha wakarudi na kuandika yale waliyoyajua kabla hawajaondoka.

Kosa lile lilikuwa letu sisi walimu. Tuliwapeleka watoto mahali, lakini hatukuwapa kazi ya kufanya mahali hapo. Tuliwafikisha saa nne asubuhi na kuwaondoa saa tisa alasiri, tukiwahimiza kila mara waharakishe. Hawakuzungumza na mwenyeji yeyote isipokuwa mwuza karanga langoni.

Katika makala haya tutaeleza namna nyingine ya kuiendesha ziara kama hiyo: wanafunzi walale siku mbili katika nyumba za wanakijiji wanaokaa jirani na hifadhi, na mchana wafanye kazi za nje zilizopangwa vyema. Mfano tutakaoutumia ni Marangu, kijiji kilicho kwenye miteremko ya kusini-mashariki ya Mlima Kilimanjaro, chini ya lango la hifadhi. Mwanachuo ambaye atafundisha mbali na Kilimanjaro asidhani kwamba makala haya hayamhusu. Utaratibu ni ule ule, iwe jirani ya shule yake ni Mikumi, Manyara, Ruaha au Udzungwa.

KWA NINI KIJIJI, WALA SI LANGO TU?

Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alilalamika kwamba shule tulizorithi zilimtenga mtoto na jamii yake na kumfanya aamini kwamba maarifa yote ya maana yamo vitabuni na kwa watu waliosoma. Ziara ya lango na basi huweza kuiendeleza imani hiyo. Mtoto huona kuwa mlima ni mali ya wageni wanaolipa, na kwamba watu wa kujua habari zake ni wale waliovaa sare peke yao.

Kumbe kijiji chenyewe ni darasa. Marangu ni jina ambalo wenyeji hulihusisha na wingi wa maji, nayo maji hayo hutoka katika msitu ulio juu ya mashamba. Hali ya maisha ya kijijini imetegemea msitu huo kwa muda mrefu. Migomba na mibuni hukua pamoja katika kihamba, chini ya kivuli cha miti mikubwa. Ng'ombe na mbuzi hufugwa zizini, wakakatiwa majani na kuletewa. Samadi yao hurudishwa migombani. Maji huletwa na mifongo, yaani mifereji iliyochimbwa kwa mikono kutoka vijitoni, ambayo ilikuwako kabla Mzungu wa kwanza, mmisionari Johannes Rebmann, hajaiona theluji ya Kilimanjaro mwaka 1848. Katika eneo dogo kama hilo mwalimu anaweza kufundisha jiografia, sayansi, hisabati, historia na Kiswahili bila kubeba picha hata moja.

Tena, iko sababu nyingine ambayo hatukuitambua mpaka tulipolala kijijini. Jioni ya kwanza, mtoto wa nyumba tuliyofikia, kijana wa umri ule ule wa wanafunzi wetu, aliwauliza wageni wake: "Huko ndani ya lango kukoje?" Tulidhani anatania. Alikuwa amezaliwa umbali wa kutembea kutoka hapo, na baba yake mdogo hubeba mizigo ya wapanda mlima. Lakini yeye mwenyewe hajawahi kulipita lango. Wanafunzi wetu, waliotoka tambarare, walikuwa waende kuuona msitu wake kesho yake, naye abaki nyumbani. Usiku ule tuliona haya. Tangu hapo hatupangi ziara ya namna hii bila kuwaingiza wanafunzi wa shule ya mahali penyewe wakiwa washiriki kamili. Tutalirudia jambo hili hapo mbele.

MATAYARISHO

Ziara ya siku tatu huhitaji matayarisho ya muhula mzima. Mwalimu mpya aghalabu huanza kwa kutafuta basi. Basi ni jambo la mwisho. Utaratibu ufaao ni huu:

1. Shabaha. Mwalimu aandike katika azimio la kazi ni mada zipi za muhula zitakazofundishwa huko. Mada ambayo yaweza kufundishwa sawasawa darasani isiwe sababu ya safari.

2. Safari ya mwalimu mwenyewe. Mwalimu atangulie peke yake angalau mara moja. Atembee njia zote, ahesabu dakika, aone penye kivuko kibovu, mahali pa kupumzikia, vyoo, maji ya kunywa na zahanati iliyo karibu. Hawezi kuuliza maswali mazuri juu ya mahali asipopajua.

3. Ruhusa. Zinatakiwa ruhusa za mkuu wa shule na ofisi ya elimu, za wazazi kwa maandishi, za serikali ya kijiji, na za uongozi wa hifadhi. Viingilio na masharti ya hifadhi hubadilika. Mwalimu ayaulize mwenyewe katika ofisi ya hifadhi kabla hajawaomba wazazi hata senti moja.

4. Majira. Masika ya Machi hadi Mei huleta utelezi na ukungu msituni, na mvua za vuli huanguka Novemba na Desemba. Juni na Julai ni kukavu lakini kuna baridi kali usiku, hasa kwa watoto waliozoea joto la tambarare. Kila mtoto awe na sweta, kitu cha kujikinga na mvua, na viatu vilivyofunika vidole. Asiye navyo asiachwe nyumbani; shule iazime.

5. Idadi. Sisi huchukua wageni 24. Wanne hulala nyumba moja, nyumba zikiwa sita. Shule ya mwenyeji hutoa wanafunzi 12, na kila kundi la wageni wanne huongezewa wenyeji wawili. Hivyo tunapata makundi sita ya wanafunzi sita, kila moja likiwa na mwalimu au mwanachuo mmoja. Idadi ikizidi hapo, mwalimu hugeuka mchungaji.

MALAZI YA KIFAMILIA

Kulala katika nyumba ya mtu si sawa na kulala bwenini. Mtoto huingia katika utaratibu wa familia: saa za kula, namna ya kuamkia wazee, mahali pa kunawia, kazi za asubuhi. Haya yote ni mafunzo, lakini pia ni mahali ambapo mambo yanaweza kuharibika haraka. Twapenda kusisitiza mambo manne.

Kwanza, usalama wa watoto. Nyumba zichaguliwe pamoja na serikali ya kijiji na walimu wa shule ya mahali hapo, wanaozijua familia. Wasichana na wavulana walale nyumba mbalimbali. Mtoto asilale peke yake katika nyumba ya ugenini kwa sababu yoyote ile. Na katika kila nyumba alale mwalimu au mwanachuo mmoja, mwanamke kwa wasichana na mwanamume kwa wavulana. Nyumba isiyoweza kumpokea mwalimu haiwezi kupokea wanafunzi. Jambo hili halina mjadala, hata kama mwenye nyumba ni mtu mwema kiasi gani.

Pili, malipo. Familia ilipwe chakula na malazi kwa kiwango kilichokubaliwa mbele ya uongozi wa kijiji, nyumba zote sawasawa. Twajua kwamba mila zetu huona aibu kumtoza mgeni, hasa mtoto. Lakini watoto wanne na mwalimu wao kwa siku mbili ni mzigo mkubwa kwa jiko la mtu, na ukarimu usigeuzwe kuwa kodi.

Tatu, heshima. Kabla ya kuondoka, darasa lifanye maigizo mafupi: namna ya kubisha hodi, ya kuamkia, ya kupokea chakula usichokijua. Huenda mtoto wa pwani hajapata kuonja mtori, ule mchuzi mzito wa ndizi na nyama, wala kiburu cha ndizi na maharage. Afundishwe kuonja kwanza, na akishindwa ashukuru kwa upole. Mwanafunzi mmoja aliwahi kusema kwa sauti, "Kwetu chakula hiki wanakula wagonjwa." Mama mwenye nyumba alicheka, lakini hakukaa nasi mezani tena jioni ile. Maneno hayo ya mtoto yalitokana na uvivu wetu, maana hatukuwa tumemtayarisha. Vilevile wenyeji waelezwe mapema kwamba wanafunzi wasipewe mbege, hata kwa kuonja.

Nne, mwenyeji awe mwalimu. Kila familia iombwe kuwafundisha wageni wake jambo moja inalolijua vizuri: kuchagua mche wa mgomba wa kupandwa, kukata majani ya ng'ombe, kumenya na kukausha kahawa, au matumizi ya sale, mmea unaopandwa mipakani na ambao Wachaga huutumia pia kuombea msamaha. Mzee anapoulizwa kwa dhati, na mtoto anapoandika anayoambiwa, heshima kati yao huwa kubwa kuliko ile ya salamu.

KAZI ZA NJE

Siku ya kwanza: kihamba na mfongo

Safari kutoka Moshi kupitia Himo hadi Marangu ni ya karibu kilometa 40. Wanafunzi wasilale usingizi njiani. Wapewe kazi ya kutazama dirishani na kuandika mazao wanayoyaona, kwa utaratibu wa kuonekana kwake: wapi mahindi yanatawala, wapi migomba inaanza, wapi mibuni. Wakifika watakuwa tayari wameandika, bila kujua, kwamba mimea hubadilika kadiri tunavyopanda.

Alasiri, kila kundi lichore ramani ya kihamba cha mwenyeji wake kwa kupima kwa hatua. Waonyeshe nyumba, zizi, migomba, mibuni, miti mikubwa na mfereji. Kisha waulize: kwa nini zizi liko hapo? Kwa nini mti huu haukukatwa? Kila swali lina jibu, nalo linapatikana kwa mwenye nyumba.

Kazi ya pili ni kupima maji ya mfongo. Wanafunzi wapime meta 10 za mfereji ulionyooka, waangushe jani kavu mwanzoni, wahesabu sekunde mpaka lifike mwisho. Kisha wapime upana na kina. Tuseme jani lilitumia sekunde 20, upana ni sentimeta 50 na kina sentimeta 20. Maji yanakwenda nusu meta kwa sekunde. Basi kila sekunde hupita lita 50, yaani ndoo mbili na nusu za lita 20. Hayo ni makadirio tu, kwa kuwa maji ya juu huenda kasi kuliko yale yanayosuguana na udongo. Hata hivyo, mtoto aliyepiga hesabu hiyo akiwa amelowa miguu hataisahau. Mwalimu amalize kwa swali la jamii: maji haya yakipungua kiangazi, nani humwagilia kwanza, na nani huamua? Hapo mwenyeji ataeleza zamu za maji na kazi ya pamoja ya kuzibua mfereji, na darasa litakuwa limeingia katika somo la uraia bila kubadili mahali.

Siku ya pili: msituni

Siku hii ndiyo kiini cha ziara. Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro iliundwa mwaka 1973 na kufunguliwa rasmi mwaka 1977. Mwaka 1987 iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Lango la Marangu liko karibu meta 1,880 juu ya usawa wa bahari, na kituo cha kwanza cha wapandaji, Mandara, kiko meta 2,720. Njia hiyo ina urefu wa karibu kilometa 8, na mtu mzima huipanda kwa saa tatu au nne. Kwa watoto wa darasa la tano sisi hatufiki huko. Tunapanda kwa mwendo wa saa mbili, tunakaa saa moja, tunarudi. Kusudi letu ni kutazama, wala si kufika.

Makundi yote yaongozwe na mwongozaji aliyekubaliwa na hifadhi. Wanafunzi wajue masharti kabla ya kuingia: haliokotwi jani, hailetwi mbegu, halitupwi ganda. Kila kundi lipewe kazi moja tu, si sita:

(a) Kundi la hewa lisome kipimajoto kila nusu saa. Kipimajoto cha pili kibaki langoni na mwalimu, asome saa zile zile, maana jua likipanda joto nalo hupanda, na bila kipimo cha langoni hatutajua ni tofauti gani iliyoletwa na mwinuko.

(b) Kundi la miti lichague mti mmoja, likae chini yake dakika 15, liandike kila kinachoishi juu yake: ndevu za kijani zinazoning'inia matawini, jamii za kangaga, wadudu, ndege.

(c) Kundi la maua litafute ua dogo lenye rangi nyekundu na njano na mkia uliojikunja mithili ya mkonga wa tembo. Ua hilo ni la Kilimanjaro tu. Porini halimei mlima mwingine wowote duniani. Walichore bila kuligusa.

(d) Kundi la wanyama liandike dalili: sauti, nyayo, vinyesi, matunda yaliyotafunwa. Mbega na kima huonekana mara nyingi, lakini kundi lisilomwona mnyama liandike kwamba halikumwona. Hilo nalo ni jibu la kisayansi.

(e) Kundi la udongo na maji lishike udongo wa njiani na ule wa chini ya majani makavu, lilinganishe unyevu wake, lipime kina cha tabaka la majani kwa rula, na kuacha kila kitu mahali pake.

(f) Kundi la watu lihesabu wapitao, wapandao na washukao: wageni, waongozaji, wapagazi. Wapagazi wengi ni vijana wa vijiji hivi hivi, na mzigo wa mgeni wanaoruhusiwa kubeba ni kilo 20. Watoto waulinganishe na uzito wao wenyewe.

Jioni, katika uwanja wa shule, makundi yapeane habari. Hapo mwalimu aunganishe yote: hewa yenye unyevu hupanda mteremko, hupoa, mvuke hugeuka mvua, msitu huipokea mvua hiyo, majani makavu huizuia isikimbie, nayo hutoka polepole katika vijito vinavyojaza mfongo uliopimwa jana. Kama tungeanza kwa kuwaambia, wangenakili. Sasa wanachangia: kundi la udongo linajua unyevu, kundi la hewa linajua ubaridi, na wote wanajua ndoo mbili na nusu.

Siku ya tatu: jembe na mazungumzo

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tunalitii neno hilo. Asubuhi ya tatu kila kundi humfanyia mwenyeji wake kazi ya saa moja: kukata majani, kusomba samadi, kuzibua mfereji. Kisha yafuate mazungumzo na wazee.

Historia inayopatikana hapa ni hai. Tarehe 6 Oktoba 1889, Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni; na kumbukumbu za Marangu humtaja Yohani Kinyala Lauwo kuwa mmoja wa wenyeji waliowaongoza. Wanafunzi waulizwe: kwa nini vitabu vingi vilihifadhi majina mawili tu? Tena, usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Alexander Nyirenda aliupandisha Mwenge wa Uhuru kileleni. Kwa nini walichagua mlima?

Lakini swali zito kuliko yote ni la msitu. Mwaka 1941 ulitengwa ukanda wa msitu wenye upana wa nusu maili ili wanavijiji wapate kuni, miti na majani. Mwaka 2005 msitu wa hifadhi uliokuwa nje ya mipaka ya hifadhi ya taifa uliunganishwa nayo, na masharti ya kuingia msituni yakawa makali zaidi. Mama anayehitaji majani ya ng'ombe huliona jambo hili kwa namna yake. Mhifadhi anayeona miti ikikatwa huliona kwa namna nyingine. Na mkulima wa tambarare, anayengoja maji ya mlima, ana neno lake pia. Mwalimu asitoe hukumu. Awaalike mama na mhifadhi wote wawili, wanafunzi wawasikilize, kisha waandike hoja za kila upande kwa haki. Mtoto atakayeweza kuieleza hoja asiyokubaliana nayo amejifunza jambo litakalomfaa maisha yake yote.

USALAMA NJIANI

Hapa hatuna budi kukiri kosa letu jingine. Katika ziara moja ya awali tulihesabu wanafunzi langoni, tukahesabu tena mahali pa kupumzikia, tukakuta amepungua mmoja. Tulihesabu mara ya pili, na ya tatu. Ukungu ulikuwa umeshuka. Walimu wote tulikuwa mbele, tukijibu maswali ya wale waendao kwa kasi. Hakuna aliyekuwa nyuma. Tulimkuta baada ya dakika 20, ameketi juu ya jiwe pamoja na mpagazi mmoja aliyekuwa akishuka, ambaye alikataa kumwacha peke yake ingawa mwenyewe alikuwa amechoka. Kiatu cha mtoto kilikuwa kimekatika, naye aliona haya kupaza sauti. Dakika 20 zile hatutazisahau.

Tangu hapo tunafuata sheria tano, nasi twawaomba walimu wote wazifuate:

1. Mwalimu mmoja mbele, mwalimu mmoja nyuma kabisa. Wa nyuma hampiti mtu yeyote.
2. Kila mwanafunzi ana mwenzake. Mmoja akisimama, wote wawili husimama na kuita.
3. Mwendo wa kundi ni mwendo wa aliye dhaifu kuliko wote.
4. Kuhesabu kila baada ya nusu saa, kwa majina na si kwa vichwa.
5. Maumivu ya kichwa, kichefuchefu au kizunguzungu hayapuuzwi. Mtoto hushushwa mara moja pamoja na mtu mzima, na hakuna wa kumcheka.

ANDALIO LA SOMO: MFANO

Darasa: la tano. Muda: dakika 80, baada ya kurudi shuleni.

Mada: Mwinuko na joto.

Shabaha: Mwishoni mwa somo kila mwanafunzi aweze (i) kuchora grafu ya vipimo vya joto vilivyochukuliwa, (ii) kueleza kwa nini vipimajoto viwili vilihitajika, (iii) kukadiria joto la mahali pasipofikika.

Vifaa: Vipimo vya kundi la hewa, karatasi za miraba, rula, mchoro wa mlima.

Hatua ya kwanza: Kundi la hewa liandike vipimo vyake ubaoni, vya langoni na vya njiani. Wengine wavitazame na kuuliza maswali.

Hatua ya pili: Kila mwanafunzi achore grafu.

Hatua ya tatu: Mwalimu aeleze kwamba kwa wastani joto hupungua kiasi cha nyuzi 6 za Selsiasi kwa kila meta 1,000 tunazopanda. Kutoka langoni hadi Mandara ni meta 840 hivi. Basi tofauti ni karibu nyuzi 5. Wanafunzi wakadirie kwa kilele, chenye urefu wa meta 5,895.

Hatua ya nne: Mjadala. Kama kilele kina baridi kiasi hicho, mbona barafu yake inapungua? Mwalimu aeleze kuwa kati ya mwaka 1912 na 2007 sehemu ya barafu iliyotoweka ilifikia asilimia 85, na kwamba hewa kavu, mvua chache na jua kali huila barafu hata pale ambapo hewa ni ya baridi.

Tathmini: Kila mwanafunzi aandike aya moja inayoanza na maneno "Niliona kwa macho yangu...", bila kutumia sentensi yoyote iliyowahi kuandikwa ubaoni.

HITIMISHO

Tulipoyasahihisha madaftari ya ziara ya kwanza tuliyoifanya kwa utaratibu huu, hatukukuta simba. Tulikuta mtoto aliyeandika kwamba udongo wa chini ya majani ulikuwa "baridi kama shavu la mtu aliyelala nje." Mwingine aliandika kuwa kundi lake halikumwona mnyama yeyote, ila walisikia tawi likivunjika mara mbili. Na yule kijana mwenyeji, ambaye safari hii alipita lango pamoja na wenzake, aliandika sentensi moja tu: "Maji ya kwetu nimeyaona yanakotoka." Hatukuisahihisha.

Ziara kama hii ni kazi nzito, na si kila shule itaimudu kila mwaka. Lakini kanuni yake haihitaji basi. Mwalimu ampe mtoto kazi ya kutazama, ampe muda wa kuifanya, na amweke karibu na mtu anayepajua mahali pale kwa sababu anaishi hapo. Mfereji ulio nyuma ya shule yako unaweza kupimwa kesho.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Chagua hifadhi, msitu au mto ulio karibu na kwenu. Andika kazi sita za makundi sita, kila kazi iwe na jibu linalopatikana mahali pale tu.
2. Kwa nini ni muhimu wanafunzi wa kijiji kinachotembelewa washiriki ziara? Taja matatizo mawili yanayoweza kutokea na namna ya kuyazuia.
3. Mzazi mmoja anakataa mwanawe asilale nyumba ya mtu asiyemjua. Mtamjibu nini? Je, kuna jambo katika hoja yake ambalo mwalimu anapaswa kulikubali?
4. Andaa mazungumzo ya darasa juu ya matumizi ya msitu, yakiwa na wasemaji wawili wenye maoni mbalimbali. Mtahakikisha vipi kwamba kila upande unasikilizwa kwa haki?